Korongo Anayetazama Kushoto

Shambani kwa Baba,
4 Juni

Dada yangu mpendwa,

Kwa masikitiko makubwa, na kwa niaba ya familia nzima, nakutangazia kifo cha mfereji wa paa la baraza. Marehemu aliugua kutu kwa muda mrefu, akaanguka juzi saa nne asubuhi mbele ya mashahidi wawili: mimi, niliyekuwa chini yake, na wifi yako, aliyecheka kwanza ndipo akauliza kama nimeumia. Mazishi yamefanyika nyuma ya choo. Marehemu ameacha ndoo tatu, ambazo sasa ndizo zitakazopokea mvua badala yake.

Ukiacha msiba huo, hatujambo. Wifi yako anakusalimu. Binti yetu amemaliza mitihani na amelala siku mbili mfululizo, tukawa tunaenda kwa zamu kuangalia kama anapumua. Mimi nimeshakifunga kile kibanda changu cha kunyolea. Baada ya miaka thelathini ya kunyoa vichwa vya watu, changu kimeamua kujinyoa chenyewe, na mteja akikuona hivyo anaanza kuwa na wasiwasi. Kwa hiyo sasa mimi ni mkulima. Mahindi yangu bado hayajaarifiwa.

Najua utasema ningepiga simu. Lakini mimi na wewe kwenye simu hatumalizi dakika tatu kabla mmoja hajamkatia mwenzake, na barua haikatiki. Tuendelee hivi hivi.

Sasa habari yenyewe. Wiki iliyopita alikuja mama mmoja kutoka makumbusho ya mjini. Nimempa jina la Bibi Brashi, maana anatembea na brashi ndogo mfukoni na hawezi kuona kitu chenye vumbi akakiacha. Alimpitishia hata kuku wetu. Wanaandaa maonyesho ya watu waliojenga mji. Dada, amezunguka shule, hospitali, stesheni, akakuta yale matofali ya baba yenye alama ya korongo kila mahali. Ameuliza uliza mpaka akafika kwetu. Anataka kumweka baba kwenye chumba cha mbele kabisa!

Nikavimba kifua. Halafu akauliza, "Na chapa yenyewe iko wapi? Ile aliyogongea korongo?"

Kabla sijafungua mdomo, wifi yako akasema, "Muulize Mfuko."

Ikabidi nimweleze mgeni kwa nini ukoo mzima unaniita Mfuko. Kwamba nikiwa na miaka kumi na minne baba aliikosa chapa yake kwenye msumari pale tanurini, akaniuliza, nikasema ilidondoka kwenye mfuko wangu uliotoboka. Bibi Brashi akauliza chapa ilikuwa na ukubwa gani. Nikamwonyesha: kiganja kizima, ya chuma, na mpini juu. Akautazama mfuko wa suruali yangu, akaandika kitu kwenye daftari, hakunisomea.

Maonyesho yanafunguliwa tarehe ishirini na nne Oktoba. Bila chapa, anasema, baba atakuwa na picha moja na tofali moja, na chumba cha mbele atapewa yule mchoma chokaa ambaye ukoo wake umetunza mpaka koleo. Na mvua zikianza kabla, lile shimo alikochimba baba udongo wa matofali litajaa na hakuna wa kuchimba kitu humo. Kwa hiyo nimeazima kwa fundi bomba mashine yake ya kutambua chuma kilichofukiwa, ile inayolia ikipita juu ya bomba. Kesho naanza.

Wewe ndiye uliyekuwa mkubwa, na ilipotea wiki ile ile uliyoondoka kwenda chuo cha ukunga. Hukumbuki chochote?

Ndugu yako mtii,
Mfuko


Kliniki, mlimani
29 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako ilinikuta nina mapacha mkononi, mmoja ametoka na mwingine anafikiria. Ametoka saa sita, mzima, na sauti kama king'ora. Nikaisoma nikiwa nimesimama. Pole kwa msiba. Wewe ndiye uliyesema mfereji huo una miaka kumi mbele yake. Nakumbuka, ulikuwa umeegemea ngazi kama mhandisi.

Huku salama. Baridi imekuwa kali, wanafunzi wangu wa ukunga wanavaa soksi mbili mbili. Mwambie wifi kitambaa nimepata, kizuri kuliko kile cha kwanza. Mwambie binti aamke.

Kuhusu jambo lako, mimi sikumbuki kitu. Miaka thelathini na tisa, mdogo wangu! Chuma kitakuwa kimeliwa na kutu kama mfereji wako, na ule mpini ulioungua upande mmoja utakuwa umeshaliwa na mchwa zamani. Mgongo wako sio wa kuinamia mashimo. Mpe huyo bibi tofali, aridhike. Baba hakuwa mtu wa kutaka chumba cha mbele. Hata kwenye harusi yangu alikaa karibu na mlango.

Usichimbe bwana. Nyoa watu.

Dada yako


Shambani
20 Julai

Dada mpendwa,

Nimechimba.

Salamu kwanza. Mapacha wako hawajambo? Binti ameamka; alitazama uwanja ulivyojaa mashimo, akarudi kulala. Wifi yako anasubiri kitambaa na ananiagiza nikuambie kwamba anaishi na fuko.

Nimegawa shamba kwa kamba na vijiti, kama Bibi Brashi alivyonifundisha, mraba mmoja mmoja, kuanzia tanurini kuteremka hadi kwenye shimo la udongo. Mashine ya fundi bomba ina tabia ya kulia kwa kila kitu kwa huzuni ile ile, kwa hiyo nachimba kwa matumaini yale yale. Nimepata vifuniko vya sufuria vinne. Nimepata kengele ya baiskeli ya baba, na ukiipangusa inalia! Nimepata kijiko kilichopinda ambacho nakituhumu kwamba ndicho ulichomrushia yule mchumba wako wa kwanza. Nimepata pia bomba la maji linalokuja nyumbani, na nimelipata kwa sururu. Fundi bomba alipokuja kuliziba alisema mashine yake haijawahi kufanya kazi vizuri namna ile.

Udongo wa chini ni ule ule, Dada. Ukiufinya unabaki na alama za vidole vyako. Nilikaa pale nikaufinya nusu saa nzima kama mjinga.

Sasa sikiliza, mambo yamegeuka. Bibi Brashi alirudi Jumanne akiwa na picha za kuta, uso umemkunjamana.

"Baba yako alikuwa na chapa ngapi?"

"Moja," nikamwambia.

Akanipangia picha mezani. Stesheni nzima, korongo anatazama kulia. Hospitali, ghorofa ya chini anatazama kulia, ya juu anatazama kushoto. Shule, madarasa ya zamani kulia, yale mapya kushoto. Halafu mguu wa huyu wa kushoto ni mnene kidogo, na mdomo mfupi, kama korongo aliyechorwa na mtu ambaye aliwahi kumwona bata tu.

"Huyu wa pili ni wa kughushi," akasema. "Kuna mtu aliiga alama ya baba yako ili auze matofali kwa jina lake. Bila chapa ya kuthibitisha, nusu ya kazi siwezi kumwandikia yeye. Nitaandika: mghushi asiyejulikana."

Wifi yako akamwaga chai. Mimi nikauliza kama mghushi huyo alikuwa hodari. Bibi Brashi akaitazama picha tena, akasema, "Hapana. Alikuwa na bidii tu."

Kwa hiyo sasa si suala la chumba cha mbele tena. Nusu ya kazi ya baba inaenda kwa mtu asiye na jina. Madarasa niliyosomea mimi. Wodi unayosema ulimzalisha mama wa kwanza ulipoletwa huku kwa mazoezi. Siwezi kuacha. Usinitajie mgongo.

Halafu, umekumbuka kwamba mpini uliungua upande mmoja. Umekumbuka vizuri sana, kwa mtu asiyekumbuka kitu.

Ndugu yako mwenye tope hadi kwenye nyusi,
Mfuko


Shambani
18 Agosti

Dada,

Kimya chako kimezidi. Nimemuuliza postamasta mara tatu, mara ya tatu akaniambia kwamba barua haizaliwi kwa kusukuma, ningefikiri mtu mwenye dada mkunga analijua hilo.

Sote wazima. Nimebakiza kona ya chini ya shimo tu, ile yenye matete, tulipokuwa tunacheza. Mawingu yameanza kujikusanya jioni. Niandikie hata mstari mmoja, hata kama ni wa kunitukana.

Mfuko


Kliniki
9 Septemba

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi na kwa binti. Mapacha wamebadilishiwa majina na bibi yao mara mbili, sasa wanaitwa tofauti na nilivyoandika kwenye daftari, nimefuta mpaka karatasi imetoboka. Wanafunzi wawili wamefaulu. Paka wa kliniki amezaa kabatini, kwenye shuka safi, bila kuhitaji msaada wetu.

Nimeanza barua hii mara tano. Mara nne niliishia hapo kwenye paka.

Ipo kwangu.

Chapa ya baba ipo hapa mezani, juu ya daftari la uzazi, inazuia kurasa zisipeperuke. Imekaa hapo tangu nilipopewa meza ya kwanza. Kila mtoto aliyezaliwa mikononi mwangu, kwanza nainyanyua, ndipo naandika jina lake.

Asubuhi ile ya kuondoka nilipita tanurini kuaga. Baba alikuwa anapakia mkokoteni, akaniambia nisimame mbali, nitachafua sketi. Nikaiona imening'inia kwenye msumari. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, naenda mahali nisipomjua mtu, na sikuwa na kitu hata kimoja chenye harufu ya nyumbani. Nikaitia kwenye mkoba. Nilijua baba anaweza kumwambia mhunzi amtengenezee nyingine. Nilisema nitairudisha likizo ya kwanza.

Halafu mama akaniandikia kwamba mdogo wako kapoteza chapa, imedondoka mfukoni, tumecheka sana, sasa tunamwita Mfuko. Niliisoma barua hiyo huku kitu chenyewe kimelala ndani ya mkoba wangu. Likizo ya kwanza sikuirudisha kwa sababu ya aibu. Ya pili nikasikia kiwanda cha saruji kimefunguliwa na baba ameacha kufyatua, anafuga nyuki na amefurahi. Baada ya hapo nikajiambia haina maana tena. Lakini wewe uliendelea kuitwa Mfuko, kwenye harusi yako mpaka mshereheshaji akakuita hivyo, na mimi nikapiga makofi pamoja na wengine.

Unajua mimi huwaambia wanawake kila siku: sukuma, itatoka, halafu utapumzika. Mwalimu mbaya sana mimi.

Nimeifunga kwenye shuka la mtoto na kumpa muuguzi mmoja anayekuja huko likizo. Atakuletea mkononi. Mpelekee huyo Bibi Brashi haraka, amwondoe huyo mghushi. Nami nakuja tarehe ishirini na nne. Nitasimama mbele ya ukoo wote niseme ni mimi, na jina hilo likome.

Kitu kimoja tu kimenisumbua miaka yote. Kwa nini ulisema mfuko? Hukuichukua wewe. Ungesema tu hujui.

Nisamehe.
Dada yako


Shambani
2 Oktoba

Dada yangu mpendwa, mwizi wangu,

Furaha niliyo nayo, usipime. Wifi yako anakusalimu, amelia kidogo na kucheka sana, na anasema ukija utalala kitanda kikubwa. Binti ameisoma barua yako mara mbili, kisha akaja kunitazama kama vile ndio kwanza tumekutana. Mahindi yameota, naapa, bila msaada wangu.

Muuguzi wako alifika Jumatatu. Mtu mpole, anatembea kama amebeba mtoto kweli. Nilikifungua kile kishuka barazani, na ile hapo: mpini ulioungua upande mmoja, korongo mwenye mguu mnene.

Sasa keti chini. Kama umekaa, kaa vizuri zaidi. Umesema yako yote, na mimi nikikaa na yangu nitakuwa mtu wa ovyo.

Ijumaa iliyopita, siku tatu kabla ya mzigo wako, mashine ya fundi bomba ililia kwenye kona yenye matete. Nilishachoka, nilikaribia kuipita. Nikachimba hadi kwenye goti, udongo ukatoka bonge moja, nikalipasua kwa mikono. Ndani kulikuwa na kipande cha chuma ukubwa wa kiganja. Mpini umeoza wote, limebaki tundu. Nikakiosha kwa ndoo ya marehemu mfereji. Kutu imekitafuna kingo, lakini katikati yumo korongo, mwembamba, mdomo mrefu, kama aliyetaka kusema neno. Nikafinya udongo bapa juu ya goti langu, nikagonga. Akatoka anatazama kulia.

Nilipiga kelele, Dada. Wifi yako alikuja mbio na panga.

Chapa ya baba ni hiyo. Uliyoichukua wewe ni yangu.

Nilikuwa na miaka kumi. Baba alikwenda mjini kupeleka matofali, nami nikaichukua msumarini nikateremka nayo shimoni kucheza. Niligonga korongo kila mahali: kwenye ukingo, kwenye mapaja yangu, kwenye tumbo la mbwa. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo umelegea. Nikaiweka chini kidogo nimshike mbwa, nilipogeuka haipo. Nilipapasa mpaka kucha zikatoka damu.

Unamkumbuka mhunzi, rafiki yake baba, aliyekuwa haongei? Nilikimbilia kwake na tofali mkononi, nikamwambia nataka chapa ya kutoa ndege huyu, na baba asijue. Akalitazama tofali, akanitazama nilivyojaa tope, akasema, "Nitachonga ninavyoona." Alikuwa na chuma kilichokatwa tayari. Mimi nikamvutia viriba vya kupulizia moto hadi jua likazama, na siku zote za likizo ile nikafagia kiwanda chake. Mpini nikautia mwenyewe chuma kingali cha moto, ndiyo maana ukaungua. Usiku wa siku ile ile ya kwanza chapa ikawa msumarini.

Alichonga alivyoona, kweli. Aliyeko kwenye tofali anatazama kulia, naye akamchonga anayetazama kulia. Lakini chapa ni kama kioo, Dada. Wa kulia kwenye chuma hutoka wa kushoto kwenye udongo. Watu wawili tulikaa pale, mmoja fundi mzima, hakuna aliyelifikiria hilo.

Asubuhi baba akafyatua tofali la kwanza, akagonga. Mimi nilikuwa nimeshika ndoo ya maji, najimwagia miguuni bila kujua. Akainama. Akamtazama korongo, akanitazama mimi, akamtazama tena korongo. Kisha akasema taratibu, kama anayeongea na tofali, "Naona leo anarudi nyumbani."

Akagonga la pili.

Hakusema neno jingine juu ya hilo maisha yake yote. Aligonga miaka minne kwa chapa ya mtoto. Ghorofa ya juu ya hospitali nzima!

Kwa hiyo ulipoondoka, na msumari ukawa mtupu, nilijua iko wapi. Nilikuwa nimeuona mpini umetokeza kwenye mkoba wako pale barabarani, na sikusema. Baba aliponiuliza, niliona nimeshapoteza chapa kweli, ila tu swali limechelewa miaka minne. Nikasema imedondoka mfukoni. Jina la Mfuko sikusingiziwa. Nilikutwa na hatia ya kosa jingine, ndiyo hivyo tu.

Jana nimempelekea Bibi Brashi zote mbili na kumweleza kila kitu. Nilipofika kwenye habari ya mghushi nikasimama kabisa, kama mahakamani. Akazigonga kwenye udongo, akazipangusa kwa brashi yake. Halafu akacheka mpaka akavua miwani. Baba amepewa kazi yake yote na chumba cha mbele. Mchoma chokaa amehamia kando ya ngazi. Kwenye kabati la kioo korongo wawili wamewekwa wanatazamana, na kibao kinasema: wa kulia alitengenezwa kwa ajili ya mfyatua matofali, wa kushoto alitengenezwa kwa ombi la mwanawe, na wote wawili walitumika. Nilimwomba aongeze kwamba mwana alikuwa na bidii. Amekataa.

Njoo. Lakini usisimame mbele ya ukoo kuniondolea jina. Nimelizoea, na ukiniita vingine sitageuka. Badala yake nitakuambia jambo moja ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata wifi yako.

Siku ile baba aliponiuliza, nikajibu ni mfuko, alisema, "Hebu nione."

Nikautoa nje. Ulikuwa mzima, Dada. Mama alikuwa ameushona juzi yake kwa uzi wa gunia, usingepitisha hata chawa. Tukautazama wote wawili, mimi na yeye, pale mbele ya tanuri.

Baba akatia kidole ndani, akakizungusha kila kona, akatikisa kichwa.

"Eh," akasema. "Tundu kubwa kweli."

Ndugu yako,
Mfuko